Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Idara ya Uandishi wa Habari: Gazeti Letu Lirudi, Stoo Ifunguliwe

Kwa: Mkuu wa Idara ya Uandishi wa Habari
Nakala: Makamu Mkuu wa Chuo, Mwenyekiti wa Kamati ya Mitaala, wanafunzi wote wa idara

Mheshimiwa Mkuu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAFUNZO YA UANDISHI WA HABARI NA KUSITISHWA KWA GAZETI LA WANAFUNZI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. (Mhadhiri wetu aliwahi kutuambia kwamba sentensi hii haimwambii msomaji jambo lolote jipya, na alisema kweli, lakini barua tatu zilizotangulia zilianza nayo, nami nimeona nisiibadilishe sasa, ili ofisi yako itambue kuwa barua hizi zote ni ndugu wa baba mmoja.)

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika idara yako, na hadi mwishoni mwa muhula uliopita nilikuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi. Siandiki hadharani kwa kupenda. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikabaki na nakala. Ya pili niliituma baada ya wiki tano za ukimya. Ya tatu iliandikwa kwa pamoja na wawakilishi wa madarasa matatu, nayo ikazaa kikao kimoja cha dakika kama ishirini, ambapo uliahidi kwamba tungejibiwa kwa maandishi. Tangu hapo, kila ninapopita kuulizia, katibu muhtasi, ambaye siku zote amenipokea kwa ustaarabu, hunijibu kwamba faili liko mezani. Sina sababu ya kutomwamini. Ila wiki ya saba sasa faili liko mezani, na baada ya wiki saba nyingine mimi na wenzangu tutakuwa tumeingia kwenye mtihani wa mwisho, tutaondoka, na malalamiko haya yataondoka nasi kama yalivyoondoka ya waliotutangulia.

Simlalamikii mhadhiri yeyote. Wapo wanaotufundisha kwa moyo, na mmoja wao amekuwa akisahihisha habari zetu usiku, nje ya saa za kazi, kwa sababu anaona aibu kutuacha tuhitimu bila kuwahi kusahihishwa. Ninacholalamikia ni mpangilio wa idara yenyewe: tunasomea kazi ya kuuliza, kuhakiki na kuchapisha, lakini ratiba haina mahali pa kufanyia mambo hayo matatu, na tulipojitafutia mahali wenyewe, pakafungwa.

1. Tunasoma kuhusu habari, hatuandiki habari

Kabla ya kuandika barua hii nilikaa na kompyuta yangu nikahesabu. Katika mihula mitano nimewasilisha kazi za darasa 31. Kati ya hizo, habari ambazo nilitoka kuzitafuta, nikazungumza na wahusika, nikaandika, kisha nikarudishiwa zikiwa na alama za kalamu ya mhariri, ni nne. Zilizobaki ni insha: jadili nafasi ya vyombo vya habari katika maendeleo, linganisha nadharia hii na ile, taja na ueleze sifa saba za habari. Sifa hizo saba ninaweza kuzitaja hata nikiamshwa usingizini.

Naomba nikukumbushe mtihani wetu wa uandishi wa habari wa muhula wa tatu. Karatasi ilitupa maelezo ya ajali: basi, lori, jina la dereva, kauli ya polisi, idadi ya majeruhi. Tukatakiwa kuandika habari ya maneno 300. Maelezo yale yalisema majeruhi ni 14 katika mstari wa tatu, na 17 katika mstari wa tisa. Nikanyoosha mkono. Msimamizi akaja, akaisoma karatasi, akatikisa kichwa, kisha akaninong'oneza: "Andika kilichopo." Mimi nikaandika 14. Mwenzangu wa dawati la mbele akaandika 17. Tulifaulu wote wawili. Mpaka leo sijui kama mtunga mtihani alikosea au alikuwa anatutega; ninachojua ni kwamba hakuna aliyekatwa alama kwa kuandika idadi asiyoihakiki, na kwamba hata tungetaka kuihakiki, ndani ya ukumbi wa mtihani hakuna wa kumpigia simu.

Si lazima iwe hivi, wala haikuanza hivi. Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, kilipofungua shule yake ya uandishi wa habari tarehe 14 Septemba 1908, kikiwa kimemkabidhi kazi hiyo Walter Williams, mhariri wa gazeti ambaye yeye mwenyewe hakuwa na shahada, gazeti la shule lilitoka siku ileile ya kwanza ya masomo. Halikuwa gazeti la kuigiza. Lilisomwa na watu wa mji, na mwanafunzi aliyekosea jina la mtu alikutana na mwenye jina. Gazeti hilo lipo hadi leo, wanafunzi wakiripoti na walimu wakihariri. Nchini Uingereza nako, baraza la mafunzo ya waandishi wa habari lililoundwa mwaka 1951 limekuwa likipima hati mkato kwa njia isiyoacha ubishi: mtahini anasoma kwa kasi ya maneno 100 kwa dakika, mtahiniwa anaandika, kisha anayatoa maneno yale kama yalivyosemwa. Haulizwi umuhimu wa hati mkato ni nini.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu tulilisikia kwenye kikao: wanafunzi ni wengi, wahadhiri ni wachache, na kusahihisha habari moja moja kunakula muda kuliko kusahihisha maswali ya kuchagua. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Lakini katika barua ya pili tulipendekeza kwamba wanafunzi wa mwaka wa tatu wakae dawati la uhariri, wazipitie kazi za mwaka wa kwanza kabla hazijamfikia mhadhiri, kama inavyofanyika katika chumba chochote cha habari, ambako habari hupita mikononi mwa watu wawili au watatu kabla ya kufika kwa mhariri mkuu. Pendekezo hilo halihitaji bajeti, halihitaji hata kiti kipya, na halikujibiwa.

2. Vifaa vipo, ila vimefungiwa

Orodha ya mali iliyobandikwa nyuma ya mlango wa stoo ya idara inaonyesha kamera sita za video, vinasa sauti kumi na viwili, meza ya kuchanganyia sauti na seti ya taa. Vyote vipo. Nimeviona mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa kwanza, katika somo la kamera, zaidi ya wanafunzi sitini tukiizunguka kamera moja, wa nyuma wakisimama juu ya viti, na fundi akitusihi tusiiguse. Mara ya pili ni siku walipokuja wageni wa kukagua programu za chuo. Studio ilifunguliwa asubuhi, taa zikawashwa, na wanafunzi sita tukaitwa tusimame nyuma ya kamera ili mpigapicha wa chuo afanye kazi yake. Picha aliyoipiga imo kwenye kipeperushi kinachogawiwa kwa waombaji wapya, juu ya maneno "mafunzo kwa vitendo". Mimi ni yule wa pili kutoka kushoto, niliyeinamia kioo cha kamera kwa umakini mkubwa. Kioo kilikuwa cheusi. Kamera haikuwa na betri. Fundi alitueleza baadaye kwamba betri zilikuwa zimevimba kwa kukaa muda mrefu bila kutumika.

Kuazima kinasa sauti kimoja kwa siku moja kunahitaji fomu yenye sahihi tatu, na mmoja wa watia sahihi yuko masomoni tangu mwaka jana. Tunaambiwa kwamba wanafunzi wataviharibu vifaa. Inawezekana. Lakini maktaba ya chuo hiki huazimisha vitabu kila siku kwa sahihi moja, tarehe ya kurudisha na faini kwa anayechelewa, na sijasikia ikifungwa kwa hofu ya kurasa kuchanika. Betri zile hazikuharibiwa na mwanafunzi, zimeharibiwa na kabati.

Wengi wetu tumejifunza kurekodi na kuhariri kwa simu zetu, na hilo si hasara, maana waandishi wengi kazini wanafanya hivyohivyo. Hasara ni kwamba hakuna kozi hata moja ya idara inayopokea kazi iliyofanywa kwa simu.

3. Gazeti la wanafunzi limefungwa kwa sababu lilifanya kile tulichofundishwa

Hapa ndipo penye kiini cha barua hii, na naomba uvumilivu wako.

Gazeti letu lilikuwa la kurasa nane, likitoka kila baada ya wiki mbili za masomo. Habari kuu ya toleo la mwisho ilihusu wanafunzi 38 wa kozi moja ambao alama zao za mtihani zilikuwa hazionekani kwenye mfumo wiki kumi baada ya mtihani kufanyika. Naomba nieleze jinsi ilivyofanywa. Waandishi wawili walizungumza na wanafunzi 19 kati ya hao 38, na kila mmoja wakamwomba awaonyeshe ukurasa wake wa matokeo kwa macho yao. Tuliiandikia ofisi ya mitihani maswali matano, tukaipa siku nne. Siku ya nne tulipiga simu mara mbili, kisha mwandishi akaenda ofisini mwenyewe, akaketi kwenye benchi kwa saa moja na nusu. Tukachapisha kwamba ofisi haikuwa imejibu hadi tunakwenda mitamboni. Mhadhiri wa kozi hatukumtaja, kwa kuwa hatukuwa na ushahidi kwamba kosa lilikuwa lake, ingawa wanafunzi kadhaa walitutaka tumtaje, na mmoja alituita waoga.

Katika miaka yangu mitatu hapa, hiyo ndiyo habari pekee iliyofuata kila hatua iliyoandikwa katika muhtasari wa kozi yako ya uandishi wa habari za uchunguzi. Ndiyo pia iliyolifunga gazeti.

Siku sita baada ya toleo kutoka, alama zote 38 zilionekana. Siku ya nane tulipokea barua inayoagiza kwamba kuanzia sasa kila habari isomwe na Ofisi ya Uhusiano kabla ya kuchapishwa. Tulipouliza usomaji huo utachukua siku ngapi, na nani atakuwa na neno la mwisho mhariri na afisa uhusiano wasipoafikiana, tulijibiwa kwa barua nyingine kwamba gazeti "limesitishwa kwa muda ili kupisha maandalizi ya mwongozo". Ni wiki kumi na sita sasa. Mwongozo haujaonekana, wala hatujaambiwa nani anauandika.

Kwenye kikao ulitupa sababu tatu, nami naomba nizijibu moja baada ya nyingine kwa heshima.

Ya kwanza ilikuwa heshima ya chuo. Ulisema kwamba mtoto mwenye adabu hatangazi ya nyumbani kwao. Mheshimiwa Mkuu, alama zile hazikuwa siri ya nyumba. Zilikuwa mali ya wanafunzi 38, na baadhi yao walikuwa wanakosa nafasi za masomo kwa kutokuwa nazo. Kuhusu heshima, nitataja jambo linalojulikana dunia nzima. Mwishoni mwa mwaka 2022, gazeti la wanafunzi la Chuo Kikuu cha Stanford, kwa kalamu ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aitwaye Theo Baker, lilianza kuripoti mashaka juu ya picha zilizomo katika makala za kisayansi ambazo rais wa chuo hicho, Marc Tessier-Lavigne, alikuwa mmoja wa waandishi wake. Bodi ya chuo haikulifunga gazeti. Iliunda kamati ya uchunguzi na kuwaita wanasayansi kutoka nje. Julai 2023 uchunguzi ulimsafisha rais huyo na tuhuma ya kughushi kwa mkono wake mwenyewe, ukaona hata hivyo kwamba hakuchukua hatua za kutosha kusahihisha makosa katika makala hizo, naye akatangaza kujiuzulu. Sitaki kuikuza habari yetu ifanane na ile. Ya kwetu ilihusu alama zilizokwama kwenye kompyuta. Ila kama Stanford kiliweza kuvumilia gazeti lililomgusa rais wake, idara ya uandishi wa habari haiwezi kushindwa kuvumilia lililoigusa ofisi ya mitihani.

Sababu ya pili ilikuwa ya kisheria. Ulitutajia kesi ya Hazelwood, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1988, ukisema kwamba hata huko, panaposifiwa kwa uhuru wa habari, mkuu wa shule aliruhusiwa kuondoa kurasa za gazeti la wanafunzi. Nilifurahi kwamba ulitaja kesi, maana ni mara chache tunajadiliana kwa kesi. Nikaenda kuisoma. Ilihusu shule ya sekondari, na gazeti lililokuwa sehemu ya somo la darasani. Na katika tanbihi ya hukumu yenyewe majaji waliacha wazi swali la iwapo kanuni hiyo inavihusu vyuo na vyuo vikuu. Gazeti letu halitolewi darasani, halipewi alama, na waandishi wake wote ni watu wazima. Kama hofu ni kwamba chuo kitashtakiwa kwa kashfa kikiwa mchapishaji, dawa ya hofu hiyo ni kulisajili gazeti kwa jina la chama cha wanafunzi, nasi tubebe dhamana ya tunachokiandika. Gazeti la Stanford nililolitaja limejitegemea kisheria tangu mwaka 1973.

Sababu ya tatu ni kwamba tunakosea. Ni kweli. Katika toleo la nne tuliandika kwamba maktaba hufungwa saa mbili usiku, kumbe hufungwa saa tatu. Mkutubi alikuja chumbani kwetu akiwa amelishika gazeti, na uso wake sitausahau. Katika toleo la tano tuliweka masahihisho ukurasa wa kwanza, si ukurasa wa saba, na tukamwomba radhi. Nimejifunza mengi zaidi juu ya usahihi katika dakika zile tano za kusimama mbele ya mkutubi kuliko katika mihadhara miwili niliyohudhuria kuhusu usahihi. Sijui mtu anajifunzaje kutokosea kwenye uchapishaji bila kuchapisha.

4. Mafunzo kazini hayana msimamizi

Mafunzo kazini ni wiki nane. Mimi nilipangiwa ofisi ya mawasiliano ya taasisi moja, ambako kazi yangu ilikuwa kukata kutoka magazetini kila habari iliyoitaja taasisi hiyo na kuibandika kwenye faili. Msimamizi kutoka idarani hakufika. Alinipigia simu wiki ya saba kuuliza kama niko salama. Daftari langu la kumbukumbu za kazi lilitiwa sahihi za wiki zote nane kwa siku moja na kwa kalamu moja, nami nikapata A. A hiyo sikuistahili, na ninaisema hapa nikijua kwamba inaweza kuniponza.

Mwenzangu aliyepata bahati ya kupelekwa kwenye chumba cha habari aliulizwa na mhariri siku ya kwanza: "Umewahi kumpigia simu mtu asiyetaka kuongea nawe?" Akajibu hapana. Akapewa kazi ya kuandika upya taarifa kwa vyombo vya habari mpaka wiki nane zikaisha. Simlaumu mhariri yule.

5. Maadili tunayakariri, uhakiki hatuufanyi

Kozi ya maadili inatutaka tuikariri kanuni ya maadili kifungu kwa kifungu. Katika muhula mzima hatukuchambua tukio hata moja la mwandishi aliyedanganya wala la chumba cha habari kilichomgundua. Stephen Glass, aliyefukuzwa na jarida la The New Republic mwaka 1998, hakuwa mtu asiyezijua kanuni. Alitunga kampuni isiyokuwepo na kuitengenezea hata tovuti, na jarida lilipopitia kazi zake 41 lilikuta 27 zikiwa na mambo ya kubuni. Alipita kwa sababu uhakiki wa ndani ulitegemea madaftari yake mwenyewe. Aliyemkamata ni mwandishi wa chombo kingine, Adam Penenberg, aliyefanya jambo la kawaida kabisa: alijaribu kuitafuta kampuni hiyo, asiipate. Zoezi kama hilo lingeweza kufanywa darasani kwa saa mbili: mpe mwanafunzi habari yenye majina kumi, moja likiwa la uongo, kisha mwambie alitafute.

Sasa kuna akili mnemba inayotunga nukuu, picha na hata vyanzo kwa sekunde chache, na wanafunzi wanaitumia, nami nimewahi kuitumia. Katazo lililobandikwa kwenye ubao wa matangazo lina sentensi moja. Haliko somo la kutuonyesha jinsi ya kugundua picha ya kubuni au kumfuata mtu aliyenukuliwa hadi ajulikane kama yupo. Wakati huohuo, kijitabu cha mihadhara tunachouziwa bado kinaitaja barua pepe miongoni mwa "teknolojia mpya".

UNESCO ilipotoa mtaala wa mfano wa mafunzo ya uandishi wa habari mwaka 2007, kwenye kongamano lililofanyika Singapore, iliyagawa mafunzo katika mihimili mitatu: stadi, mbinu na maadili ya kazi yenyewe, mazingira ya kijamii, kisiasa, kiuchumi na kisheria ambamo kazi hiyo inafanyika, na maarifa mapana ya ulimwengu. Idara yetu imeujenga mhimili wa pili vizuri, na hilo nalikiri. Inauegemea huohuo mmoja.

Nimesikia pia, si kwako bali kwa mmoja wa wajumbe wa kamati ya mitaala, kwamba uandishi wa habari haufundishiki darasani, na kwamba waandishi wakubwa hawakuusomea. Mfano uliotolewa ni Bob Woodward na Carl Bernstein, waandishi wa gazeti la Washington Post walioandika habari za Watergate, kashfa iliyomwondoa madarakani Rais Nixon wa Marekani, kuanzia mwaka 1972: wa kwanza alisoma historia na Kiingereza, wa pili aliacha chuo bila shahada. Ni kweli. Lakini Bernstein aliingia kwenye chumba cha habari akiwa na miaka 16, akianza kama kijana wa kutumwa. Mfano huo hauutetei utaratibu wa sasa. Unatetea kile tunachokiomba. Na kama kamati inaamini kwa dhati kwamba kazi hii haifundishiki, ingekuwa haki kuliandika hilo kwenye kipeperushi, pengine chini ya ile picha.

Tunachoomba

Kwanza kabisa, tunaomba barua ya kulisitisha gazeti ifutwe kabla ya muhula huu kwisha, na agizo la kusomwa na Ofisi ya Uhusiano lifutwe pamoja nayo. Tuko tayari kuwa na bodi ya ushauri yenye wahadhiri wawili na mwandishi mmoja aliye kazini, itakayotushauri kabla ya kuchapisha tukihitaji, na kutuhoji baada ya kuchapisha tukikosea. Hatuko tayari kupewa mwongozo ulioandikwa bila sisi.

Pili, stoo iendeshwe kama maktaba: sahihi moja, saa zinazojulikana, faini kwa anayechelewesha. Fundi ametuambia yuko tayari, akipewa kibali kwa maandishi.

Tatu, kuanzia mwaka ujao wa masomo, walau nusu ya alama za kozi za uandishi zitokane na habari zilizotafutwa nje ya darasa, na dawati la uhariri la mwaka wa tatu lianze kwa majaribio katika kozi moja tu, mkitaka kuona kwanza kama linafaa. Hili halitatufaidi sisi tunaoondoka. Tunaliomba kwa ajili ya waliokipokea kile kipeperushi.

Kuhusu mafunzo kazini, tunaomba msimamizi afike mara moja kwa kila mwanafunzi, ana kwa ana, kabla ya wiki ya nne, na nafasi zisizo za uandishi zisihesabiwe kuwa ni za uandishi. Kuhusu maadili na uhakiki, mhadhiri wa kozi ana mapendekezo yake ambayo ni bora kuliko yangu. Tunaomba aitwe asikilizwe.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii kupokelewa. Jina langu na namba yangu ya usajili vimo kwenye barua zile tatu zilizomo ndani ya faili. Siku ya kumi na nne ni Ijumaa, nami nitafika ofisini kwako saa nne asubuhi nikiwa na daftari. Toleo lijalo la gazeti limeshapangwa kurasa saba. Ukurasa wa tatu tumeuacha wazi kwa ajili ya maelezo yako, na tutayachapisha yote bila kukata neno.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Mhariri wa gazeti la wanafunzi (lililositishwa)